Sarara Haifai Kutokoswa

Ameandika mtu kwamba apikaye nyama kwa moto wa polepole hana budi kununua sarara, kwa kuwa ndiyo laini na ghali kupita zote. Bei si hoja. Ulaini wa sarara hutaka dakika chache motoni, na baada ya saa 3 juu ya jiko la makaa haibaki ila nyuzi kavu zinazokwama menoni. Naye aukataa muundi kwa ugumu wake! Ugumu huo ndio hazina yenyewe, maana kano na tando zake, zikitokota taratibu, huyeyuka zikawa mchuzi mzito unaonata midomoni. Aende soko la Burma, karibu na Barabara ya Jogoo, apasuliwe muundi na mfupa wake juu ya gogo, kisha aufunike sufuriani na asiuharakishe.