Usichague programu ya duka kwa urembo wa kikapu chake

Wafanyabiashara wanaoanza kuuza mtandaoni hutuuliza sana ni programu gani nzuri ya kupokea oda. Mara nyingi huwa wameshaipenda moja, yenye picha zinazoteleza na saa inayohesabu dakika za ofa. Jibu letu huwakata stimu kidogo. Tuambie kwanza, oda mbili za shilingi 1,500 zikilipwa dakika moja, utajuaje ipi ni ya nani?

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya programu hizi: kulinganisha malipo na oda bila mtu kukodolea SMS macho. Urembo uje baadaye.

Wengi wetu tunauza kupitia WhatsApp na Instagram. Mteja anachagua, unampa nambari ya Till, analipa, anatuma skrinshoti. Kama unapata oda tano au kumi kwa siku na wewe mwenyewe ndiye unayefunga mizigo, hiyo inatosha. Till, daftari na simu yenye chaji. Hatutakuambia ununue kitu usichokihitaji.

Shida huanza ukiajiri mtu. Yule kijana anayefunga mizigo hana ile simu inayopokea ujumbe wa malipo, kwa hivyo anaamini picha aliyotumiwa. Na picha ya SMS ya malipo inaweza kuhaririwa na yeyote kwa dakika chache. Unapokuja kuangalia salio jioni, boda ameshafika Kasarani na kurudi.

Paybill husaidia kidogo kwa sababu ina nafasi ya nambari ya akaunti, ambapo mteja anaweza kuandika namba ya oda. Till haina. Lakini hebu angalia wanachoandika watu pale: "viatu", "mimi", jina la mtoto. Ndiyo maana tunapendelea programu inayotuma ombi la STK, lile dirisha linalomwomba mteja PIN kwenye simu yake mwenyewe. Kiasi na namba ya oda huwa vimeshajazwa. Hawezi kukosea, na hawezi kulipa 150 badala ya 1,500.

Hata hivyo STK si dawa ya kila kitu, na hapa ndipo uwabane wauzaji wa programu kwa maswali. Mteja akishaweka PIN, jibu la malipo lazima lisafiri hadi kwenye duka lako. Intaneti ikikatika au tovuti ikilala, pesa inaingia lakini oda inabaki "haijalipwa". Je, programu hiyo huuliza tena yenyewe, au inangoja tu? Inayongoja tu itakugombanisha na wateja waaminifu. Uliza pia kama mteja anaweza kuagiza kwa nambari moja na kulipa kwa nyingine. Hapa kwetu mtu analipiwa na dadake, na mumewe, na jirani mwenye Fuliza. Kuna fomu zinazolazimisha nambari moja tu, na nyingine mpaka leo zinakataa nambari zinazoanza na 01.

Halafu kuna stoki. Chukua muuza viatu vya mitumba. Kila jozi ni moja tu, haina pacha. Programu ikipunguza stoki baada ya malipo peke yake, watu wawili wanaweza kulipia jozi moja. Ikipunguza mara tu oda inapowekwa, mtu asiye na nia ya kununua anaweza kuishikilia bure. Suluhisho ni kushikilia kwa muda. WooCommerce, kwa mfano, ina mpangilio wa kushikilia bidhaa ya oda isiyolipwa, na huja ukiwa umewekwa dakika 60. Kwa mitumba hiyo ni mingi mno. Ombi la STK huisha muda wake haraka, kwa hivyo dakika 15 zinampa mteja nafasi ya kujaribu tena mara kadhaa, na baada ya hapo jozi irudi dukani. Lakini hakikisha kiunganishi chako cha malipo kinauheshimu mpangilio huo, maana si vyote.

Programu za kudhibiti oda, zile za kuweka kiasi cha chini, idadi ya juu kwa kila mteja, au kuzuia "lipa ukipokea" kwa maeneo fulani, tunaziunga mkono. Ukituma mzigo kwa basi hadi Lodwar na mteja azime simu, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Kudai malipo kabla ya kutuma mbali si kiburi. Lakini nyingine hufanya kazi kwenye ukurasa wa kikapu tu. Mteja akibonyeza "Nunua sasa" anaruka kikapu, na sheria zako zote anaziacha nyuma. Jaribu kitufe hicho kabla ya kulipia chochote.

Tuje kwa gharama. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipo Kenya, kwa hivyo utatumia kampuni nyingine ya malipo, na kwa hilo Shopify inakukata 2% ya kila mauzo kwenye mpango wake wa Basic. Kwa oda ya 1,500 ni shilingi 30. Oda 200 kwa mwezi ni shilingi 6,000, juu ya ada ya mwezi, na juu ya ada ya kampuni ya malipo, ambayo na sisi tunakata. WooCommerce haikati asilimia, lakini utalipia mahali pa kuweka tovuti, na utahitaji fundi siku ikigoma. Asiye na fundi anayepokea simu Jumamosi usiku, sisi tungemwambia alipe hizo 30.

Kitu kingine: kitufe cha kurudisha pesa. Kwenye programu nyingi huandika tu kwamba pesa imerudishwa, lakini haitumi chochote. Mteja anaona "imerudishwa", anangoja, anakuja kukutukana Facebook. Uliza.

Kabla ya kuamua, weka bidhaa ya shilingi 10 kwenye duka la majaribio. Inunue, ukatae kuweka PIN. Inunue tena kwa simu ya mtu mwingine. Tena, na mara hii zima data mara tu ukiweka PIN. Kisha nenda kwenye orodha ya oda uone imeandika nini kila mara, na kama unaweza kuipakua yote kama faili ukiamua kuhama mwakani.