Sikoseli, uloto na vijana wa Bugarama: mlango wetu uko wapi?

Leo naomba tuache kidogo habari za mashimo na bei ya gramu. Tuongelee mifupa, na kilichomo ndani yake.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Muhimbili walishatangulia mwishoni mwa 2021, wao walianza na wagonjwa wa saratani ya damu. Kabla ya hapo ukiambiwa unahitaji tiba hiyo ujue ni safari ya nje, hasa India, na kwa familia nyingi za huku hiyo ni sawa na kuambiwa basi, nenda nyumbani.

Kwa nini nawaletea hii hapa Bugarama? Kwa sababu sikoseli ni ugonjwa wetu. Watafiti wa Bugando, Mwanza, walipima damu ya watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa mikoa 9 ya kaskazini-magharibi, wakatoa majibu mwaka 2018. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha sikoseli, na zaidi ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Kama mtaani kwako hujamuona mtoto mwenye macho ya njano anayelia mifupa usiku, basi hujaangalia vizuri. Mimi sina haja ya kuangalia mbali. Binamu yangu anayo, na mvua ikinyesha tu nyumbani wote tunajua leo hakulaliki.

Sasa hii tiba inafanyaje kazi? Ndani ya mfupa kuna uloto, wengine wanauita uboho. Humo ndimo zinakaa seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu. Mgonjwa wa sikoseli kiwanda chake kinatoa chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu na kuziba mishipa. Kwa hiyo anapewa dawa kali za kufuta uloto wake, halafu anawekewa kwenye mshipa seli shina za mtu anayelingana naye, mara nyingi kaka au dada. Zile seli zinajua njia zenyewe mpaka kwenye mifupa, na baada ya wiki kadhaa zinaanza kutoa damu mpya. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Hii ndiyo familia ya tiba ya kurudishia mwili kilichoharibika, ambayo wazungu wanaiimba kila siku.

Hapa ndipo nataka tutulie. Ukisikia habari kama hii unamfikiria daktari bingwa na koti jeupe. Lakini hesabu vichwa. Kuna mtu wa maabara anayepima kama ndugu wanalingana. Kuna anayeendesha mashine ya kuchuja seli kutoka kwenye damu. Kuna anayehakikisha friji la kuhifadhi seli halizimi umeme ukikatika. Kuna fundi wa hewa, maana mgonjwa kwa wiki hizo hana kinga hata kidogo, chumba chake lazima kiwe na hewa iliyochujwa. Daktari anaweza kuja na ndege kutoka Italia au India akakaa wiki mbili akaondoka. Fundi wa mashine lazima awe wa hapahapa, kila siku.

Wadau, mnakumbuka 2017? Nchi nzima ilijifunza neno makinikia kutoka kwetu, Bulyanhulu na Buzwagi. Tulikasirika kwamba mchanga wetu unapanda kontena kwenda kuyeyushwa nje kwa sababu sisi hatuna mtambo. Mgonjwa aliyekuwa anapandishwa ndege kwenda India kwa sababu hatukuwa na wataalamu ni hadithi ileile, ila yeye hakuwahi kuundiwa kamati.

Sasa tuje kwenye nafasi zenyewe, maana nazijua meseji zenu: "Acha siasa, tuambie pa kuombea."

Juu kabisa zipo. Nelson Mandela pale Arusha wana skuli nzima ya sayansi za uhai na uhandisi wa viumbe, shahada ya uzamili na uzamivu. Kigali, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda, kipo kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha uhandisi wa vifaa tiba, na sisi Watanzania tumo kwenye Jumuiya hiyo. Muhimbili pale MUHAS wanatoa shahada ya kwanza ya uhandisi wa vifaa tiba, na ndiko alipo Profesa Julie Makani, Mtanzania aliyejenga programu ya sikoseli tangu 2004 mpaka dunia ikamtambua.

Lakini wengi wetu hapa kafe tumeishia form four. Kwetu mlango ni stashahada. DIT Dar na Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha ufundi wa vifaa tiba. Moshi, pale KCMC, kuna TATCOT, chuo cha kutengeneza miguu na mikono bandia kilichoanza 1981, na wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika kuja kusoma hapo. Sisi wa ukanda wa migodi, tunaojua jiwe linavyoweza kumfanya mtu, ndio tungejaa hapo! Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa stashahada kwa kozi za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka husika uone kozi yako imo au haimo.

Kwa hiyo nafasi zipo. Tatizo ni kwamba kote huko wanakuuliza fizikia, kemia na hesabu. Na hapa ndipo ngazi yetu inapokatika.

Nitajitoa mfano bila aibu. Shule niliyosoma, siitaji jina, haikuwa na maabara ya kueleweka. Fizikia tuliisoma ubaoni, mwalimu mmoja madarasa yote. Tulipofika form three tukaambiwa anayetaka aendelee, asiyetaka aache. Darasa letu karibu lote tukaikacha, tukaona tumetua mzigo. Hakuna aliyetuambia kwamba siku ile tulikuwa tunafunga mlango wa DIT, wa Moshi, wa Muhimbili, wa Kigali, yote kwa mpigo. Nilikuwa na miaka 16. Ile Samia Scholarship iliyoanza 2022 ni nzuri sana, ila inawachukua waliofaulu juu kabisa sayansi form six. Sisi tulishatoka kwenye foleni miaka kadhaa nyuma.

Pesa za kuziba hilo pengo zinatoka wapi? Tuangalie chini ya miguu yetu. Sheria ya madini baada ya marekebisho ya 2017 inataka mgodi uandae mpango wa kusaidia jamii na ukubaliane na halmashauri. Oktoba 2020 Barrick na Twiga walitangaza hadi dola milioni 10 za mafunzo pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Safi, ila ni mafunzo ya mambo ya madini. Buzwagi tumeiona, uzalishaji umeisha 2021. Dhahabu inaisha, sikoseli haiishi. Halmashauri ikikaa mezani na mgodi, pamoja na madarasa na madawati idai maabara za fizikia zenye vifaa, na vijana kadhaa kila mwaka wa kusomeshwa vifaa tiba kwa mkataba wa kurudi.

Najua kuna mdau atasema: "Zahanati haina dawa, wewe unaota uloto?" Swali zuri. Lakini yule fundi anayetunza mashine Dodoma amesoma darasa moja na fundi ambaye angetengeneza mashine ya kupima damu ya kituo chetu cha afya badala ya kuifunika shuka. Ukimsomesha kwa ajili ya moja umepata na nyingine.

Mimi nimeamua kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, fizikia na kemia. Jioni nasoma na mshikaji mmoja anayefanya kazi za umeme mgodini. Nikifeli nitawaambia. Wewe mwenye mdogo wako form two, usilale leo kabla hujamuuliza: fizikia unaendelea nayo au unaacha?

Naomba kuwasilisha. Waliosoma hizo kozi tupeni uzoefu hapo chini, hata wa machungu.