Kinyungu na Mita Sitini

Asafiriye kutoka Iringa kwenda Mufindi au Njombe mwezi wa Agosti, wakati mashamba ya vilimani yamekwisha kukauka, huona mabonde yangali ya kijani. Hivyo ni vinyungu. Wahehe na Wabena wamevilima tangu enzi za mababu: maji ya masika yanapopungua nyasi hufyekwa, mifereji huchimbwa, udongo huinuliwa kuwa matuta, na mbegu hupandwa juu ya matuta hayo ili mizizi isioze majini. Maharage, mboga na mahindi mabichi ya kinyungu huzivusha familia nyingi katika miezi ya njaa, kabla mahindi ya vilimani hayajakomaa. Fedha yake hununua madaftari na sare za shule. Na mara nyingi aliyeshika jembe ni mama.

Ndiyo maana twasikitika tusikiapo amri ya kung'oa mazao hayo ikitolewa kwa neno moja tu: mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza ndani ya mita hizo, kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya mahali hapo. Haikusema kwamba kila jembe ni adui wa maji. Tena imempa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli za humo. Basi la kuuliza ni kama kinyungu hiki, kilicholimwa namna hii, chadhuru au hakidhuru; na jibu lake hupatikana bondeni, si ofisini.

Hata hivyo, hatupendi kumpaka mkulima mafuta kwa mgongo wa chupa. Viko vinyungu vinavyoua bonde. Mfereji ukichimbwa kwa kina kirefu na kunyooshwa kuufuata mteremko, maji hukimbia yote, na baada ya misimu michache mama huanza kubeba ndoo ya kumwagilia mahali palipokuwa na tope. Udongo mweusi wa bondeni hushika maji kama sifongo. Ukikauka kupita kiasi hupasuka, na hata moto huweza kuuteketeza. Mfereji mwema una kina cha kushusha maji chini ya mizizi tu, hupita kwa mshazari, na kiangazi kinapozidi huzibwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Jicho la chemchemi na matete yake visiguswe. Wazee wayajua haya. Anayekodi bonde kwa msimu mmoja hana sababu ya kuyajali, na aliyemkodisha asijitoe katika lawama.

Na mikaratusi je? Yule wa maharage ang'olewa, huku miti hiyo yenye kiu isiyokwisha ikisimama miaka na miaka kando ya kijito kile kile. Mwenye miti, tumeona, huwa na sauti kubwa kuliko mwenye maharage.

Maji haya hayaishii kwetu. Ruaha Mkuu hupokea mito ya nyanda za Mbeya na Njombe, hupita Usangu na kinamasi cha Ihefu huko Mbarali, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hadi kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Wafugaji waliondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukatika. Watafiti walikuwa wamekwisha kueleza kwamba sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa kiangazi na mifereji ya mashamba ya mpunga. Aliyeondolewa kwanza hakuwa yule aliyechukua maji mengi zaidi.

Twaomba hilo lisirudiwe mabondeni. Kabla ya amri yoyote, serikali ya kijiji, bwana shamba na maofisa wa Bonde la Rufiji watembee bondeni pamoja na akina mama wenyewe, wapime kina cha mifereji, waweke mambo ya mpaka kwenye chemchemi, na waanze na mikaratusi. Wafanye hivyo kabla ya Julai, maana ndipo matuta yanapoanza kuinuliwa.