Wazee wa Nairobi nao wakimbilie wapi?

Siku ya mashindano ya mbio za barabarani, Nairobi huwa jiji jingine. Barabara hufungwa tangu alfajiri, askari hupanga vizuizi, matatu huelekezwa njia nyingine, na watu wa kila umri hujitokeza wakiwa na nambari vifuani. Mabingwa hutangulia huku kamera zikiwafuata. Nyuma kabisa, muda mrefu baada ya zawadi kupata wenyewe, huja kundi lisilotajwa magazetini: karani aliyestaafu kutoka Kawangware, nyanya mwenye wajukuu kutoka Kangemi, mwalimu wa Dagoretti mwenye mvi na goti linalouma. Hao hawakuja kushinda, bali wamekuja kumaliza.

Wanashangiliwa, wanavishwa nishani ya kumaliza, kisha wanarejea makwao. Swali ambalo jiji hili halijawahi kulijibu ni hili: kesho yake, watu hao wakimbilie wapi?

Wapo wanaoamini kwamba riadha ni ya vijana, na kwamba mzee anayekimbia anajitafutia maradhi. Dhana hiyo haina msingi. Kenneth Mungara, aliyekuwa kinyozi kabla ya kugeukia mbio, alishinda marathoni ya Gold Coast nchini Australia mwaka 2015 kwa muda wa saa 2:08:42, akiwa na umri wa miaka 41. Edna Kiplagat naye alimaliza wa tatu katika marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 44. Hao ni mabingwa, na si kila mtu anaweza kuwa bingwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima, wakiwemo waliopita miaka 65, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki, kwa vile mazoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Taifa hili lilimshangilia Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Tulikubali kwa kauli moja kwamba elimu haina mwisho. Mbona basi tumkubalie mzee kalamu na tumnyime njia ya kukimbilia?

Tazama hali ilivyo magharibi mwa jiji. Anayeishi Kangemi akitaka kukimbia kuelekea Westlands hana budi kuifuata Waiyaki Way, ambako mabasi na bodaboda hugombania kila hatua ya ukingo wa barabara. Wa Kawangware hulazimika kupenya kati ya vibanda, mitaro na mikokoteni hadi afike Lavington, penye miti na kivuli. Huko nako hukutana na mabawabu wanaotaka kujua anakimbia akitoka wapi. Barabara ya Ngong, ilipopanuliwa, ilipata njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, lakini pale ambapo pikipiki hupanda juu ya njia hizo wakati wa msongamano, sifa yenyewe hupungua.

Nairobi haikosi mahali pazuri pa kukimbia. Ipo bustani ya Arboretum, na ipo misitu ya Karura na Ngong Road. Lakini mahali hapo hutozwa kiingilio, na kwa mstaafu anayekusudia kukimbia mara nne kwa wiki, kiingilio kidogo hugeuka kodi. Mwenye gari na fedha hukimbia chini ya miti. Asiyenavyo hukimbia kando ya lori.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa barabara ya juu inayotoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27. Mnamo Mei 2022, kabla haijafunguliwa kwa magari ya umma, wakimbiaji walipewa fursa ya kukimbia juu yake katika marathoni ya jiji. Ilikuwa siku ya fahari. Siku chache baadaye barabara hiyo ikawa ya magari yanayolipa, na mtu wa miguu akabaki chini, katika vumbi na moshi. Hivyo ndivyo jiji letu linavyomthamini mkimbiaji: linampa heshima ya siku moja, kisha linamsahau.

Gharama ya kusahau huko huhesabiwa kwa maisha. Ajali za barabarani nchini huua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, huonyesha kila mara kwamba waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaofariki. Mwaka 2025 ulimwengu ulimwomboleza Fauja Singh, aliyesifika kwa kukimbia marathoni akiwa amepita umri wa miaka 100. Uzee haukumuua, aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara nchini India.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika maisha ya jamii na kuishi kwa heshima. Kukimbia asubuhi bila kuhofia roho yako ni sehemu ya heshima hiyo.

Yamkini watatokea watakaodai kwamba kufunga barabara huathiri biashara. Mbona basi hufungwa siku ya mashindano makubwa bila jiji kuanguka? Kigali ilianzisha siku isiyo na magari mwaka 2016, na hadi leo wakazi wake hukimbia barabarani baadhi ya Jumapili za kila mwezi. Nairobi nayo ilitangaziwa mpango wa namna hiyo mwaka 2019, lakini ukafifia. Tunapendekeza ufufuliwe kwa kiasi tunachokiweza: sehemu moja ya barabara upande wa magharibi, saa tatu tu za Jumapili asubuhi, kila wiki.

Walimu nao wana la kutenda. Shule iliyo na kiwanja inaweza kuwafungulia majirani lango kabla ya kengele na mwishoni mwa juma, chini ya utaratibu uliokubaliwa na kamati ya wazazi. Mwanafunzi atakayemwona babu yake akizunguka kiwanja kila Jumamosi atajifunza somo la afya ambalo ubao hauwezi kumfundisha. Aidha, mwalimu akumbuke kwamba atastaafu akifika miaka 60, na kiwanja atakachokihitaji ni hicho hicho.

Zaidi ya yote, njia anayoililia mzee si yake peke yake. Ndiyo njia ya mtoto aendaye shuleni Dagoretti na kibarua atembeaye kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji kwa kukosa nauli. Ikijengwa na kulindwa kwa ajili ya mmoja, wote watapita salama. Mabingwa wetu wanakimbia vyema katika barabara za Boston na Berlin. Haifai wazazi wao wakose pa kukimbilia nyumbani.