Mbwa wa Mpanda na Sheria Isiyofika Uani

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, anayestahili kukingwa dhidi ya njaa, kiu, maumivu na hofu, na kuachiwa nafasi ya kuishi kwa asili yake. Pita Makanyagio, Nsemulwa au Kawajense saa nane mchana mwezi Septemba, nawe utaona sheria hiyo imeishia wapi: mbwa yuko juani kwenye mnyororo usiozidi mita mbili, sufuria ya maji imepinduka, na ardhi anayoizunguka imebaki duara lisilo na jani hata moja.

Sisemi kwamba wenye mbwa hao ni makatili. Wengi hawana uzio. Kijijini mbwa wa mfugaji hushinda malishoni na ng'ombe. Alihamia mjini pamoja na bwana wake, lakini malisho hayakuhama nao. Tangu Katavi imegwe kutoka Rukwa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao makuu ya mkoa, mji umepanuka, na jirani hataki mbwa wa mtu mlangoni pake. Isitoshe, uvumi wa kichaa cha mbwa ukizuka, amri tunayoizoea ni moja: mbwa wafungwe, atakayezurura atauawa. Mwananchi hutii. Ila amri haimwambii afunge kwa kamba ya urefu gani, wala amfungue saa ngapi. Kwa hiyo lawama yangu naielekeza kwa mtoa amri kabla ya anayeitii.

Hata kwa ulinzi, mnyororo wa kudumu ni hasara. Mbwa aliyefungwa usiku na mchana humbwekea mbuzi, bodaboda na mwizi kwa sauti ileile, hata mwenye nyumba akaacha kuamka. Kwa kuwa hawezi kukimbia kinachomtisha, huuma. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban watu wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aliyetumwa kuazima chumvi kwa jirani ndiye anayeingia ndani ya lile duara. Tena mnyororo si chanjo: mbwa mwenye kichaa akiingia uani, aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Wanafunzi wangu huniuliza: zahanati zina upungufu wa dawa, mwalimu unatetea mbwa? Swali ni halali. Lakini kichaa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na sindano za aliyeumwa ni ghali mno kuliko chanjo ya mbwa mmoja. Lengo la kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa linahitaji mwenye mbwa anayemleta kwa hiari, si anayemficha akihofia atauawa.

Ninachopendekeza hakihitaji ofisi mpya. Afisa mifugo wa kata tayari hukutana na mbwa hawa siku ya chanjo. Akiona shingo ina kidonda cha mnyororo, aulize habari za maji na kivuli, na amwoneshe mwenye mbwa njia nyingine: waya wa mita kumi uliokazwa kati ya miti miwili, wenye pete inayoteleza juu yake, mbwa akafungwa kwenye pete. Fundi baiskeli yeyote anaweza kuutengeneza. Halmashauri nayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Itamke kivuli, maji, na saa za kumfungua mbwa katika ua uliofungwa.

Baraza la madiwani la Manispaa ya Mpanda litakapokaa tena kujadili mbwa wanaozurura, ningependa diwani mmoja asimame aulize kuhusu wale wasioweza kuzurura kabisa.