Kitabu Hakishiki Mtoto

Mwaka 1859 Samuel Smiles, Mskoti, alichapisha London kitabu alichokiita Self-Help, na jina hilo likageuka kuwa jina la ukoo mzima wa vitabu. Mfasiri wa Kiswahili hukwama nalo kwenye jalada, kabla hata ya kufungua ukurasa wa kwanza. Neno kwa neno ni kujisaidia, na hapana mtu wa pwani asiyejua mtu hujisaidia wapi na kwa nini hufunga mlango. Wafasiri wametafuta njia za kuukwepa mtego huo: kujiendeleza, kujikwamua, kujijenga. Ni maneno mema yote. Lakini lugha, kwa ukaidi wake, imekwisha sema jambo ambalo wauza vitabu hawapendi kulisikia: ni machache mno ambayo mtu huyafanya peke yake kabisa, na kulea mtoto si mojawapo.

Kila inapokaribia Siku ya Mama, ambayo Marekani huadhimishwa Jumapili ya pili ya Mei, magazeti na maduka ya huko hutoa orodha za vitabu vinavyopendekezwa kwa wanawake na kina mama: vya kupanga kabati, vya kumlaza mtoto, vya kupunguza tumbo, vya kupanda cheo, vya kumtunza mume, vya kujipenda nafsi. Orodha hizo siku hizi husomwa Unguja na Mombasa kama zinavyosomwa Chicago, na nakala kuukuu za vitabu vyenyewe huuzwa kando ya njia Dar es Salaam na Nairobi. Ubaya wake si ugeni wake. Watu wa visiwani hawajapata kuyaogopa maneno kwa kuwa yamekuja na jahazi. Ubaya ni kwamba vitabu hivi hutoa nasaha na kuificha mikono. Nyuma ya kila shauri pana mtu aliyemchukua mtoto, aliyeosha vyombo, aliyekesha, na mtu huyo hatajwi. Msomaji asiye naye huambiwa aamke mapema zaidi. Akishindwa, hudhani kasoro ni yake.

Mambo hayakuanza hivyo. Kitabu cha Isabella Beeton cha uendeshaji wa nyumba kilitoka London mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya kile cha Smiles, na kwa vizazi kadhaa kilikuwa zawadi ya maarusi wa Kiingereza. Wasomaji walimdhania mwandishi kuwa bibi wa makamo mwenye funguo kiunoni. Alikuwa na miaka 25, na mapishi mengi aliyachota katika vitabu vya wenziwe. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa mchanga, wa pili akafa akiwa na miaka 3, na yeye mwenyewe akafa mwaka 1865, akiwa na miaka 28, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa nne. Kitabu kikaendelea kuuzwa kwa jina lake kana kwamba angali hai jikoni. Hata hivyo jambo moja Beeton hakulificha, na kwa hilo anawashinda warithi wake wote: kurasa nyingi alizitoa kwa watumishi, akaeleza ni wangapi wanaofaa kwa pato gani, nani awashe moto, nani afue. Alijua kwamba nyumba haijiendeshi.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Smiles, upande huu wa bahari, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi wa wosia hali ni mgonjwa. Desturi ya wenye kuvilaumu vitabu vya kigeni ni kuunyanyua utendi huo kama ngao, ati pwani inacho chake tangu zamani. Ngao hiyo ina tundu. Wosia unamtaka mke amtumikie mume kwa kiasi ambacho mwanamke wa leo ana haki ya kukikataa, ingawa wapo wataalamu walioutazama kwa jicho jingine wakaona kejeli chini ya utii. Na nyumba inayosifiwa humo, yenye usafi na manukato, ilikuwa nyumba ya watumwa. Mtunzi anamwonya bintiye asitangamane nao ila kwa ajili ya kazi. Mikono iko pale pale ndani ya beti, nayo haikulipwa. Asiyetaka kuliona hilo kwa Mwana Kupona hana ruhusa ya kuwacheka wanawake wa Marekani.

Ipo tofauti lakini, na si ndogo. Mwana Kupona alimjua anayesema naye. Anaanza kwa kumwita binti asogee karibu na wino na karatasi. Baadaye huwaalika wanawake wote wausome utendi, ila neno limeanzia kwa mtu mmoja, mwenye jina, aliyekaa ubavuni mwa kitanda. Kitabu cha leo humwita msomaji «wewe» mara elfu bila kujua kama ana mume, ana maji ya bomba, ana mama aliye hai.

Mwaka 2013 Sheryl Sandberg, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya Facebook, aliwahimiza wanawake katika Lean In wasijirudishe nyuma kazini, na wachague mume atakayegawana nao kazi za nyumbani. Miaka miwili baadaye mumewe alifariki ghafla. Mei 2016 aliandika hadharani kwamba waliomlaumu kwa kutowafikiria vya kutosha akina mama wanaolea peke yao walisema kweli. Ni maneno ya kiungwana, na hapana shaka hayakuwa mepesi kuyaandika. Lakini yalikuja baada ya nakala kuuzwa kwa mamilioni, na wajane na walioachwa walikuwa wakilijua jambo hilo bila ya kuulizwa na mtu. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014 na kuwafanya watu wa mabara yote wakunje soksi upya, alikiri Januari 2023 kwamba tangu azae mtoto wa tatu ameliachia lile suala la unadhifu. Mama wa watoto watatu wa Ng'ambo au Kisauni angeweza kumwambia hayo bure.

Kushindwa kwa waandishi hawa si aibu; ni sehemu iliyo bora zaidi ya maisha yao. Linalochukiza ni mahali vitabu hivi vinapochipukia. Marekani, ambako vingi hutoka, haina hadi leo sheria ya taifa inayomhakikishia kila mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria yao ya mwaka 1993 hutoa wiki 12 zisizo na mshahara, nazo si kwa kila mtu. Dola ilipoacha pengo, mchapishaji akaweka kitabu cha kumfundisha mama kupumua kwa utulivu.

Pwani, mzazi hakupewa kitabu. Alipewa siku arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akapikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, mtoto akaogeshwa na bibi, na mafunzo yote yakasemwa mikono ikiwa majini. Kungwi naye hakusema bure: alilipwa kanga na fedha, na ukali alikuwa nao. Lakini alikaa mtaa ule ule. Nasaha yake ikiharibu, njia ya kwenda kumgongea mlango ilijulikana.

Atatokea wa kusema kwamba bibi naye alikosea, na ni kweli. Katika majumba kadhaa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu, na muuguzi aliyekuja na kitabu chake akalikataza jambo hilo ndiye aliyekuwa na haki. Hakuna anayetaka kumrudisha mama kwenye ujinga kwa jina la mila. Ila kitabu nacho hukosea, na kosa lake husafiri mbali zaidi. Daktari Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha mwaka 1946 kiliwalea Wamarekani wa kizazi kizima, alishauri katika matoleo ya baadaye kwamba mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Ilipothibitika kwamba ulalaji huo unaongeza hatari ya kifo cha ghafla, na kampeni za kuwalaza chali zikaanza, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Bibi mwenye kukosea humkosesha mjukuu wake na wa jirani.

Arobaini yenyewe inapungua, na huo ndio msiba ambao orodha hazina kitabu chake. Binti kahamia mjini, bibi mwenyewe yuko sokoni anauza, mashangazi wametawanyika. Tanzania Bara sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 zenye malipo. Mwenye kuchoma maandazi kibarazani hana mwajiri wa kumdai. Pengo hilo huzibwa na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka shamba, aghlabu mdogo kuliko umri anaotajiwa, ambaye hupewa chakula na fedha kidogo. Wengine huzibia mapengo ya ng'ambo: mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi majumbani Oman na Falme za Kiarabu, nayo imejaa pasi zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiwa na saa za kazi zisizo na mwisho. Aliyekuwa akimbembeleza mtoto wa Muscat alikuwa na wake Unguja au Tanga, akilelewa na mtu mwingine. Mnyororo huo wa mikono hauna sura hata moja katika vitabu vinavyofundisha kupanga siku.

Basi wanaotaka kuvifasiri vitabu hivi, na wanaovipendekeza kwa kina mama katika redio na mikutano, waache kwanza sura za asubuhi njema na kabati safi. Mtu wa pili, akibahatika kutajwa, hutajwa mwishoni, katika ukurasa wa shukrani, kwa jina lake la kwanza tu, baada ya wakala na mhariri. Kitabu kianze kusomwa hapo.