Jikoni Kwetu: Sumu Isiyokufa kwa Moto

Askari hahitaji kuelezwa madhara ya risasi itokayo katika bunduki. Lakini risasi ni jina la madini pia, na madini hayo yaweza kumfikia mtoto kambini kwa sahani ya mboga, pasipo mlio wowote.

Kando ya mfereji wa Nakivubo, ambao hupokea maji machafu ya mji wa Kampala na ya viwanda na kuyapeleka Ziwa Viktoria, watu hulima miwa na majimbi, tuyaitayo hapa mayuni. Wengine hupanda dodo na sukuma wiki kando ya barabara kuu. Mboga hizo hustawi na kupendeza macho. Hata hivyo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mboga za majani za kando ya barabara za Kampala zilikuwa na risasi na kadimiamu. Watafiti walishauri zisilimwe ndani ya meta 30 kutoka barabarani. Risasi hiyo ilitokana hasa na petroli ya zamani. Petroli hiyo ilikomeshwa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, bali risasi haiozi; hukaa udongoni miaka mingi.

Mama wa nyumbani atauliza: je, nikizichemsha sana? Vijidudu vya kuhara hufa kwa moto, madini hayafi. Risasi ikiingia mwilini hujificha katika mifupa, na mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Hudhuru ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza, na humpunguzia damu. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Kadimiamu nayo hudhuru figo.

Hatusemi watu waache mboga, maana ni chakula bora. Tunasema usalama wake huanzia shambani. Kwa hiyo, kwanza, ununuapo mboga muulize muuzaji zimelimwa wapi. Pili, bustani isiwe karibu na gereji wala mahali palipotupwa betri kuukuu. Tatu, osha majani kwa maji safi mengi. Vumbi lililoyashika huondoka, ingawa madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki. Nne, wape watoto maharage, maziwa na mukene, kwa sababu mwili uliopata madini ya chuma na ya kujenga mifupa kwa kutosha hupokea risasi kidogo zaidi.

Nanyi akina baba wa kambini, mnapogawa viwanja vya bustani, pimeni kwanza hatua arobaini za gwaride kutoka barabarani. Hapo ndipo jembe litiwe.